Njia imeziba au chanzo kimekauka? Mwongozo wa upasuaji wa hadubini kwa mwanamume anayetafuta mtoto

Mume na mke wakikutana kwa kawaida mwaka mzima bila kinga wala dawa za kupanga uzazi, na mimba isishike, wote wawili wanapaswa kupimwa kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja ndio muda unaotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na ikiwa mke ametimiza miaka 35 haifai kungoja zaidi ya miezi sita. Huku kwetu Mwanza, na katika vijiji na visiwa vya mwambao, mambo huenda kinyume: mke hutangulia kupigwa picha za kizazi, kunyweshwa dawa za kila namna na kusemwa na mawifi, ilhali mume hajatoa hata sampuli moja ya manii, kipimo ambacho ni rahisi na hakiumizi. Karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto huwa na kasoro upande wa mume, ama peke yake ama pamoja na mke.

Mimi ni muuguzi, na nimewapokea wanaume wengi wa kando ya ziwa wakiwa wamekwisha kutumia fedha nyingi kabla ya kufika mahali pa kuanzia. Mwongozo huu unahusu upasuaji unaofanywa chini ya hadubini, chombo ambacho wengi wetu tumezoea kukiita darubini, kwa lengo la kumrudishia mwanamume uwezo wa kutungisha mimba. Haumfundishi mtu kupasua. Unamsaidia mgonjwa na mkewe kufika kwenye meza ya upasuaji wakijua wanachokwenda kufanyiwa, na kuukataa upasuaji usiowafaa. Swali linalotawala yote ni moja: je, mbegu zinatengenezwa ila njia imeziba, au chanzo chenyewe hakitoi? Bomba lililoziba huzibuliwa au huunganishwa upya, lakini kisima kilichokauka hakisaidiwi na bomba jipya.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa sababu ndilo linalowazuia wanaume wengi kupimwa. Upungufu wa mbegu si upungufu wa nguvu za kiume. Sehemu kubwa ya manii hutoka kwenye vifuko vya manii na tezi dume, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya ujazo wake. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa na nguvu kamili, akatoa manii ya kutosha yenye rangi ya kawaida, na ndani yake isiwemo mbegu hata moja. Hali hiyo huwakuta takriban wanaume 10 hadi 15 katika kila 100 wanaotafuta matibabu ya ugumba, na hakuna jicho linaloweza kuitambua bila hadubini ya maabara.

Anza na sampuli iliyotolewa kwa usahihi

Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha toa sampuli kwenye chombo ulichopewa na maabara. Usitumie chupa ya soda iliyooshwa nyumbani, usitumie kondomu ya kawaida, na usitumie sabuni wala mate, maana vitu hivyo huua au hudhoofisha mbegu na kukupa majibu ya uongo. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi kuliko mengine, hivyo likimwagika mwambie mtaalamu wa maabara bila aibu ili kipimo kirudiwe siku nyingine.

Sampuli inatakiwa ifike kwa mpimaji ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili. Kwa mtu wa Ukerewe, ambaye meli ya kutoka Nansio humchukua saa kadhaa kufika mjini, jambo hilo haliwezekani, na nimewahi kumpokea baba mmoja aliyevuka na sampuli mfukoni tangu alfajiri, akaambiwa mbegu zake zote zimekufa, akarudi kisiwani akiamini kwamba ndivyo alivyoumbwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita adha ya kungoja kivuko, lakini nalo si sababu ya kutoa sampuli nyumbani. Omba chumba cha faragha hospitalini au lala kwa ndugu aliye karibu na maabara.

Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa, na ukiongeza safari yake ndani ya mirija unapata karibu miezi mitatu, hivyo homa kali ya malaria uliyoipata miezi miwili iliyopita bado inaweza kuonekana kwenye karatasi ya leo. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, na kama uliugua, ngoja miezi mitatu ipite. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, viwango vya chini vya marejeo ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na mbegu zinazosogea asilimia 42. Namba hizo si ukuta kati ya anayezaa na asiyezaa. Wapo walio chini yake waliopata watoto bila matibabu, na wapo walio juu yake ambao bado wanasubiri.

Karatasi ikisema hakuna mbegu kabisa, uliza kama manii yalizungushwa kwenye mashine ya sentrifuji na masalia yake yakatazamwa tena. Mbegu chache zilizojificha hubadilisha njia nzima ya matibabu, na maabara iliyozidiwa na kazi inaweza kuiruka hatua hiyo.

Kujua kama njia imeziba au chanzo kimekauka

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji asikimbie, kwa sababu makosa mengi ya upasuaji hufanyika kabla kisu hakijashikwa. Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo na uzazi wa mwanaume anapaswa kukupima kwa mikono yake, ukiwa umesimama, katika chumba chenye joto la kawaida. Anapima ukubwa wa kila korodani, kwa sababu sehemu kubwa ya korodani ni vitengenezi vya mbegu, na korodani ndogo na laini huashiria chanzo dhaifu. Anapapasa epididimisi, yaani ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa, aone kama imevimba. Kisha anatafuta mrija mkuu wa kupitisha mbegu, ambao mkononi huhisika kama kamba nyembamba ngumu inayoteleza kati ya vidole. Wapo wanaume waliozaliwa bila mrija huo, na hao hawana cha kuunganishiwa.

Vipimo vya damu hufuata, hasa homoni ya FSH, ambayo ubongo huitoa ili kuihimiza korodani. Korodani ikishindwa kazi, ubongo hupaza sauti, na FSH hupanda. Kwa hiyo mwanamume asiye na mbegu, mwenye korodani za ukubwa wa kawaida na FSH ya kawaida, mara nyingi njia yake ndiyo iliyoziba, ingawa si kila mara. Mwenye korodani ndogo na FSH ya juu, chanzo chake ndicho chenye matatizo. Ujazo wa manii nao una la kusema: yakiwa machache sana na yenye asidi, kizuizi kinaweza kuwa mbele zaidi, karibu na tezi dume, au mirija haipo tangu kuzaliwa.

Historia yako ina uzito kama vipimo, kwa hiyo mweleze daktari yote, hata yale ambayo hujawahi kumweleza mkeo. Kisonono na klamidia zisizotibiwa mapema huacha kovu kwenye epididimisi, na mrija ule mwembamba ukishafungwa na kovu haufunguki kwa vidonge. Mkoa wa Mwanza una historia yake katika jambo hili: ni hapa, kati ya mwaka 1991 na 1994, ulipofanyika utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya vya vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Tiba ile ile iliyotolewa mapema huokoa pia mirija ya uzazi, na ninatamani kila kijana wa soko la samaki la Mwaloni na wa kambi za dagaa alijue hilo kabla hajanunua vidonge viwili dukani na kuridhika.

Taja pia kama uliwahi kupasuliwa busha au ngiri, hata kama ulikuwa mtoto mdogo na hukumbuki isipokuwa kovu, kwa sababu mrija wa mbegu hupita mahali palepale panaposhonwa ngiri, na epididimisi inaweza kujeruhiwa wakati wa kutoa busha. Taja kifua kikuu, taja matubwitubwi yaliyovimbisha korodani baada ya kubalehe, taja korodani iliyochelewa kushuka. Kuhusu kichocho, ni vizuri kutofautisha: kichocho kinachopatikana zaidi kwenye maji ya ziwa lenyewe ni kile cha tumbo, ilhali kile cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi na malambo ya bara, katika vijiji vya Usukuma vilivyo mbali kidogo na ufuko. Hiki cha pili huweza kuweka mayai katika vifuko vya manii na tezi dume, na dalili yake mojawapo ni damu katika manii. Hutibiwa kwa prazikwanteli, na hutibiwa kabla ya kufikiria upasuaji wowote.

Na kama umewahi kuchomwa sindano za homoni ya testosteroni ili kujenga misuli au kuongeza nguvu, liseme hilo kwanza. Homoni hiyo ikiingia mwilini kutoka nje huuambia ubongo kwamba kazi imekwisha, na utengenezaji wa mbegu husimama. Nimeona watu wakipewa sindano hizo kama tiba ya ugumba, na inanisikitisha kila mara, kwa sababu zinafanya kinyume kabisa cha kile walichokuja kukitafuta. Mara nyingi mbegu hurudi baada ya miezi ya kuziacha, bila kupasuliwa.

Hadubini inabadilisha nini

Mrija mkuu wa mbegu una unene wa milimita 2 hadi 3, lakini tundu lake la ndani, ambamo mbegu hupita, ni la milimita 0.3 hadi 0.5 tu. Mrija wa epididimisi ni mwembamba zaidi: una upana wa karibu milimita 0.2, nao ukinyooshwa hufika takriban mita 6, zote zikiwa zimekunjwa ndani ya kitu kisichozidi urefu wa kidole. Uzi unaotumika kushona tundu hilo huitwa namba 10-0, ni nailoni yenye unene usiofika theluthi moja ya milimita 0.1, mwembamba kuliko unywele. Mvuvi anayejua nyavu za timba, ambazo nyuzi zake huwezi kuziona ndani ya maji, na achukue uzi ule aukondeshe mara nyingi tena, ndipo atapata picha ya kile daktari anachokifunga fundo.

Jicho tupu haliwezi kazi hiyo, na miwani ya kukuza, ambayo kwa kawaida hukuza mara 2.5 hadi 4, haitoshi kwa mishono midogo kabisa. Hadubini ya chumba cha upasuaji hukuza mara 10 hadi 25. Mbinu hii ya kuunganisha mirija ilianza kuenea katika miaka ya 1970, kwa kazi za madaktari kama Sherman Silber wa Marekani na Earl Owen wa Australia, na tangu hapo imegawanyika katika matawi matatu yanayopaswa kujulikana kila moja kwa jina na kazi yake.

Varikosele: mishipa iliyovimba

Tawi la kwanza ndilo litakalowahusu wanaume wengi zaidi, na halishughulikii njia ya mbegu bali mazingira ya chanzo. Varikosele ni kuvimba kwa vena zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani, na mara nyingi huwa upande wa kushoto kwa sababu vena ya upande huo hupanda hadi kwenye vena ya figo na kuingia humo kwa pembe ya mraba. Damu ikikaa, korodani hupata joto lisilotakiwa, na mbegu hupungua na kudhoofika. Takriban wanaume 15 katika kila 100 wanayo, na wengi wao wana watoto. Miongoni mwa wanaotibiwa ugumba wa tangu mwanzo, hufika 35 hadi 40.

Hapo ndipo penye hatari ya kupasuliwa bure. Varikosele inayostahili upasuaji ni ile ambayo daktari anaihisi kwa mkono, au anaiona, mgonjwa akisimama na kujikamua, huku kipimo cha manii kikiwa na kasoro na mke akiwa na uwezo wa kushika mimba au kasoro inayotibika. Ile inayoonekana kwenye ultrasaundi peke yake haifaidiki na kisu, na ukiambiwa, "Picha imeonyesha mishipa kidogo, lipia leo," una haki ya kuomba maoni ya daktari mwingine. Kwa upande mwingine, mishipa iliyovimba ghafla, au iliyo upande wa kulia tu, au isiyonywea mgonjwa anapolala, inataka tumbo na figo vichunguzwe kwanza, kwani kunaweza kuwa na uvimbe unaobana vena kutoka ndani.

Katika upasuaji wenyewe, daktari hukata sentimita 2 hadi 3 chini ya kinena, huinua kamba ya korodani, huifungua chini ya hadubini na kutenganisha kilichomo. Vena zilizovimba hufungwa na kukatwa moja moja. Ateri ya korodani, ambayo upana wake ni karibu milimita 1 tu, huachwa, na hutambuliwa kwa mapigo yake au kwa kifaa kidogo cha kusikiliza mtiririko wa damu. Mishipa ya limfu, ambayo ni angavu kama maji, huachwa pia, na hili ndilo wagonjwa wengi hawaelezwi: ikifungwa kwa bahati mbaya, maji hukusanyika na mtu aliyekuja kutibiwa varikosele anaondoka na busha. Kwa hadubini, varikosele hurudi kwa mgonjwa 1 au 2 kati ya 100, wakati kwa njia isiyotumia ukuzaji inaweza kufika 15.

Karibu theluthi mbili ya waliopasuliwa kwa sababu sahihi huona manii yao yakiboreka. Kuboreka huko hakuji wiki ya pili. Kunafuata ule mzunguko wa miezi mitatu, na pengine zaidi.

Kuunganisha mirija

Tawi la pili ni la bomba lililoziba au lililokatwa. Duniani, sababu yake kubwa ni wanaume waliofunga uzazi kwa upasuaji kisha wakabadili nia, kwa kuoa tena au kwa kufiwa na watoto. Huku kwetu waliofunga uzazi ni wachache, na zaidi tutakutana na kovu la kisonono au mrija uliokatwa wakati wa kushona ngiri. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu mahali pa kizuizi ndipo panapoamua aina ya mshono.

Daktari hufungua mfuko wa korodani, hukata mrija upande wa chini wa kizuizi, na kutazama kinachotoka. Maji maji yanayotoka upande wa korodani huwekwa kwenye kioo na kupimwa palepale. Yakiwa meupe mepesi na yana mbegu, maana yake ni kwamba njia ya chini iko wazi, na kinachohitajika ni kuunganisha mrija kwa mrija: safu ya ndani kwa uzi wa 10-0, safu ya nje kwa uzi mnene kidogo wa 9-0, mishono ikiwa imepangwa kwa vipimo ili tundu likutane na tundu bila kuvuja. Yakiwa mazito kama dawa ya meno na hayana mbegu, kuna kizuizi kingine ndani ya epididimisi, na kuunganisha mrija kwa mrija hapo ni kazi bure. Inabidi mrija mkuu uunganishwe moja kwa moja na kimrija cha epididimisi, juu ya kizuizi, na huo ndio mmoja wa mishono migumu kuliko yote inayofanywa chini ya hadubini.

Kwa sababu hiyo nashauri swali hili liulizwe kabla ya tarehe kupangwa, kwa maneno haya haya: "Daktari, ukifungua ukakuta hakuna mbegu kwenye mrija, utaweza kuunganisha kwenye epididimisi siku hiyo hiyo?" Daktari anayeweza mshono wa kwanza tu hajafanya kosa lolote, lakini hapaswi kuanza peke yake, kwa kuwa kovu la upasuaji wa kwanza humfanyia ugumu yule wa pili.

Kwa waliofunga uzazi, muda uliopita ni kigezo kikubwa. Uchunguzi wa madaktari wa Marekani uliotolewa mwaka 1991, uliofuatilia wanaume 1,469, ulikuta kwamba waliounganishwa kabla ya miaka 3 kupita walirudisha mbegu kwa asilimia 97 na wake zao wakashika mimba kwa asilimia 76. Kwa waliopitisha miaka 15 au zaidi, mbegu zilirudi kwa asilimia 71 na mimba zikawa asilimia 30. Tofauti kati ya namba ya mbegu na namba ya mimba inasomeka kwa uchungu, lakini ni lazima isomwe: mbegu kurudi ni jambo moja, na mimba ni jambo linalotegemea pia umri na afya ya mke. Kwa kizuizi kilichotokana na maambukizi matokeo huwa ya chini zaidi, na mbegu zinaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima kuonekana.

Ikiwa mke amevuka miaka 38 au 40, kungoja mwaka kunaweza kuwa ghali kuliko upasuaji wenyewe. Hapo mjadiliane na daktari kuhusu njia nyingine, ya kuvuta mbegu kwa sindano kutoka nyuma ya kizuizi na kuzitumia kutungisha mimba maabara.

Kutafuta mbegu ndani ya korodani

Tawi la tatu ni la kisima kinachoonekana kukauka. Mwaka 1999 Peter Schlegel wa New York alieleza mbinu ya kuifungua korodani chini ya hadubini na kutafuta, kati ya vimrija vyake vingi, vile vichache vilivyonenepa na kuwa vyeupe zaidi, kwa kuwa hivyo ndivyo vyenye uwezekano wa kuwa na mbegu. Tishu kidogo tu huchukuliwa, na mtaalamu wa maabara huikagua hapo hapo wakati daktari anaendelea kutafuta, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Kwa takriban nusu ya wanaume wa kundi hili, mbegu hupatikana.

Mbegu hizo hazitoshi kwa tendo la ndoa. Hudungwa moja moja ndani ya yai la mke, mbinu iliyoanza Ubelgiji mwaka 1992 na ambayo hospitalini utaisikia ikitajwa kwa herufi ICSI. Kwa hiyo kabla hujakubali korodani yako ifunguliwe, uliza mbegu zikipatikana zitapelekwa wapi, nani atazigandisha, na mayai ya mke yatavunwa lini. Kama hakuna jibu, ahirisha. Kufungua korodani, kuona mbegu, kisha kuzitupa kwa kukosa pa kuzihifadhi ni hasara ambayo haipaswi kumpata mtu yeyote.

Vipimo viwili vya vinasaba hutangulia: hesabu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, na uchunguzi wa vipande vilivyokatika kwenye kromosomu ya Y. Mwenye kromosomu ya X iliyozidi anaweza kupatikana na mbegu. Lakini aliyekatika kabisa sehemu iitwayo AZFa au AZFb hazipatikani mbegu kwake, na upasuaji ungemwumiza bure. Kwake, kipimo cha damu kimemwokoa na kisu.

Safari ya kutoka Mwanza

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, kwa mfano Sekou Toure, kwa kipimo cha manii na matibabu ya maambukizi, kisha uombe rufaa ya kumwona daktari bingwa katika hospitali kubwa ya rufaa, kwa mfano Bugando. Iwapo hadubini ya upasuaji au mtaalamu wa aina yako ya tatizo hayupo siku hizo, rufaa inaweza kuelekea Moshi, Dar es Salaam au nje ya mkoa kwingineko, na ni bora kusafiri ukiwa na vipimo vyote mkononi kuliko kuvianza upya huko. Uliza daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, hutumia hadubini au miwani, na matokeo ya wagonjwa wake yakoje. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Uliza pia gharama yote kwa ujumla, pamoja na vipimo vya baadaye, na ni gharama ipi bima yako inahusika nayo na ipi haihusiki nayo, kabla hujauza ng'ombe au injini ya mtumbwi.

Mwende wawili. Mume anayeenda kwa siri hurudi na ushauri nusu, na mke aliyelaumiwa miaka mingi anastahili kuyasikia majibu kwa masikio yake mwenyewe.

Baada ya kupasuliwa

Siku 2 za kwanza ni za kulala na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa vipindi vya dakika chache. Vaa chupi inayobana na kuinua korodani usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Baada ya kuunganishwa mirija, usikutane na mkeo wala kutoa manii kwa njia yoyote kwa wiki 3 hadi 4, maana mkazo wa misuli unaweza kuutenganisha mshono wa uzi ule usioonekana. Kwa varikosele, daktari huenda akakuruhusu mapema zaidi. Kazi za kuvuta nyavu, kusukuma mtumbwi, kubeba magunia ya dagaa na kukaa kwenye tandiko la bodaboda ziahirishwe kwa mwezi mmoja, na ni vema kupanga mapema nani atashika nafasi yako katika mtumbwi, kwa sababu mgonjwa asiye na akiba hurudi ziwani siku ya kumi. Usioge ziwani hata kidogo hadi kidonda kikauke kabisa.

Uvimbe kidogo na michubuko ni kawaida. Mfuko unaokua kwa haraka na kuwa mgumu, homa, usaha, au maumivu yasiyosikia dawa si kawaida, na hayasubiri kliniki ya wiki ijayo. Kwa waliofunguliwa korodani kutafuta mbegu, kiwango cha testosteroni kipimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6, kwa kuwa kinaweza kushuka na kuhitaji uangalizi.

Manii hupimwa baada ya wiki 6 kwa aliyeunganishwa mrija kwa mrija, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kwa varikosele, kipimo cha kwanza ni baada ya miezi mitatu. Ikiwa mbegu zilionekana kisha zikaanza kupungua, kovu linaweza kuwa linafunga mshono, na huo ndio wakati wa kuzigandisha zilizopo, ikiwa huduma hiyo inafikika.

Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, omba nakala ya taarifa ya upasuaji. Hakikisha imeandikwa ni upande gani ulifanyiwa nini, majimaji ya kila upande yalikuwaje, mbegu zilionekana au hazikuonekana, na uzi wa namba gani ulitumika. Iweke pamoja na majibu yote ya manii, kwa tarehe, kwenye bahasha moja isiyopitisha maji. Daktari atakayekuona baada ya hapo, awe wa Mwanza au wa mbali, ataanzia kwenye karatasi hiyo.